Kiyoyozi kimegoma: kitengenezwe au ununue kingine? Mwongozo kwa nyumba za Unguja na Pemba

Joto la kaskazi likishaingia, kati ya Disemba na Machi, mafundi wa viyoyozi hawashikiki. Simu hazipokelewi, na anayepokea huahidi kesho ambayo haifiki. Katika haraka hiyo ndipo watu wanapoamua vibaya. Mmoja anatupa mashine ambayo kilichokufa ndani yake ni kifaa kidogo tu. Mwengine anajaza gesi mashine iliyokwishaoza, mwaka wa tatu mfululizo, akiamini safari hii itashika. Wote wawili wanapoteza fedha, na mara nyingi ni fedha iliyotumwa na mtoto aliyeko Maskat au Uingereza ili mama yake apate kulala usiku.

Watu wakiniuliza, swali la kwanza huwa ni umri: "Ina miaka minane, bado inafaa?" Umri unasema kidogo sana. Yanayoamua ni matatu: kilichoharibika ni kitu gani hasa, nyumba iko umbali gani na bahari, na mashine inatumia gesi ya aina gani. Ukiyajua hayo, hesabu inayobaki ni nyepesi. Hatua zifuatazo zimepangwa ili uyajue kabla hujatoa shilingi.

(Huku kwetu hakuna anayepasha chumba joto. Joto tunalolilipia ni la maji ya kuogea, na hita yake nitaigusa mwishoni kwa kuwa nayo ina uamuzi wake.)

Hatua ya kwanza: kagua umeme kabla ya mashine

Viyoyozi vyetu vingi vimeundwa kwa umeme wa volti 220 hadi 240. Jioni, kila nyumba ikishawasha feni, pasi, friji na televisheni, mitaa iliyo mwisho wa laini hupungukiwa. Volti zikishuka sana, kompresa ya aina ya zamani (pampu inayosukuma gesi ndani ya mashine) hushindwa kuanza: inavuma sekunde chache, inakata, inapumzika, inajaribu tena. Mwenye nyumba akisikia mvumo ule huambiwa kompresa imekufa. Mashine hiyo hiyo, ukiiwasha saa nne asubuhi, inapoza vizuri. Ikiwa kwako ni hivyo, shida iko kwenye laini au kwenye nyaya za nyumba, na mashine mpya itaikuta pale pale.

Mwambie fundi apime volti wakati kompresa inajaribu kuwaka, asipime ikiwa imezimwa. Waya mwembamba au kiungo kilicholegea hakionekani mpaka mzigo uwepo. Tazama soketi: ikiwa imebadilika rangi au ina harufu ya plastiki iliyoungua, jibu umeshalipata. Kiyoyozi kinastahili waya wake na breka yake, kisichangie laini moja na friji na birika la umeme. Volti zikiwa ndogo mtaa mzima, hilo ni la kupeleka ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, na mkienda majirani kadhaa pamoja mnasikilizwa mapema.

Halafu kuna kukatika na kurudi. Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na Pemba nayo inapata wake kutoka Tanga tangu 2010. Waliokuwepo wanakumbuka 2008, Unguja ilipokaa takriban mwezi mzima gizani, na ile miezi mitatu ya Disemba 2009 hadi Machi 2010. Waya wa pili wa Unguja, wa megawati 100, ulipoanza kazi 2013 mambo yalitengemaa sana, lakini kukatika kwa dakika chache bado kupo. Kinachoua bodi ya umeme na kapasita (kikopo kinachoisukuma kompresa ianze) hasa ni ule mpigo wa umeme unaporudi, na kompresa inayolazimishwa kuanza upya kabla presha ya gesi haijatulia. Kwa hiyo funga kifaa cha kulinda, kile kinachokata volti zikizidi au zikipungua, na kinachosubiri dakika tatu hadi tano kabla ya kuruhusu umeme upite. Kabla ya kumlaumu mtu yeyote kwa bodi iliyoungua, uliza kama kifaa hicho kilikuwepo.

Na kwa haraka: betri za rimoti, na alama iliyo kwenye kioo chake. Ukiona alama ya feni badala ya ile ya baridi, mtoto ameibonyeza. Hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya pili: osha, kisha pima

Usikubali kiyoyozi chochote kihukumiwe kikiwa kichafu. Vumbi la chujio, utando ulio kwenye koili ya ndani (mirija yenye vibati inamopita gesi) na chumvi iliyoganda mashine ya nje hufanya mashine nzima ionekane imepungukiwa na gesi. Koili ya ndani ikiziba, hewa haipiti, bomba linapata barafu, na mtu anayetazama barafu ile anasema "gesi imekwisha". Huenda haikupungua hata kidogo.

Zima breka kwanza. Zima breka yenyewe, rimoti haitoshi. Toa machujio, yaoshe kwa maji na sabuni laini, yakaushe kivulini. Mashine ya nje isuuze kwa maji ya bomba yanayotoka taratibu, ikiwezekana kutoka ndani kwenda nje, ili uchafu utoke ulikoingilia. Zile mashine za kuoshea magari ziache: vile vibati vyembamba vya aluminiamu hukunjwa na nguvu ya maji na hewa haipiti tena. Bodi ya umeme na mota zisimwagiwe. Mrija wa kutolea maji uvute au upulize mpaka upitishe, maana kuvuja maji chumbani karibu kila mara ni ukoga ulioziba mrija huo.

Ukimaliza, iwashe kwenye baridi kali, funga madirisha, subiri robo saa. Chukua kipimajoto cha kawaida, pima hewa inayoingia juu ya mashine na hewa inayotoka chini yake. Tofauti ikiwa nyuzi 8 hadi 12, mashine inapoza. Siku za masika, unyevu ukiwa mwingi, itakuwa karibu na 8, na hilo ni sawa. Ikiwa tofauti ni nyuzi 3 au 4 baada ya kuosha, sasa ndiyo upige simu.

Na kama tofauti ni nzuri lakini chumba bado kinachoma, mashine haina kosa. Chumba cha juu chini ya bati bila dari, dirisha linalopigwa na jua la magharibi, mlango wenye uwazi wa vidole viwili chini yake: hayo ndiyo ya kutengeneza. Pazia zito na ubao wa dari hugharimu kidogo kuliko kiyoyozi kikubwa zaidi.

Hatua ya tatu: soma kibandiko

Ubavuni mwa mashine ya nje kuna kibandiko. Kipige picha kabla jua halijakifuta. Yanayohitajika ni manne: aina ya gesi, uzito wa gesi kwa gramu, ukubwa kwa BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza), na hezi (kipimo cha mzunguko wa umeme).

R-22 ni gesi ya zamani. Inaharibu tabaka la ozoni, na kwa makubaliano ya Montreal ya 1987 inaondolewa sokoni hatua kwa hatua. Nchi zinazoendelea, Tanzania ikiwemo, zilitakiwa kupunguza gesi za kundi hilo kwa asilimia 67.5 kuanzia 2025, na kwa asilimia 97.5 ifikapo 2030. Maana yake kwa mwenye nyumba ni nyepesi: kila mwaka itakuwa adimu zaidi na ghali zaidi, na mitungi yenye mchanganyiko wa kubahatisha itazidi kuingia sokoni. R-410A ilikuja kushika nafasi yake. R-32 ndiyo utakayoikuta kwenye mashine nyingi mpya.

Gesi hizi hazibadilishani. R-410A inafanya kazi kwa presha kubwa kuliko R-22, karibu mara moja na nusu au zaidi, na mafuta ya kompresa zao si ya aina moja. Fundi akikwambia "R-22 hakuna, tutaweka hii nyengine, ni ile ile", mshukuru na umwache aende.

Hezi nayo ina kisa kwa sababu ya bidhaa za mtumba zinazotoka Ghuba. Umeme wetu ni wa hezi 50. Imarati na Oman ni 50 vilevile, lakini Saudia ni 60. Mashine iliyoundwa kwa 60 tu, ikiwekwa hapa, kompresa yake inazunguka polepole na inapata moto kuliko ilivyokusudiwa. Ukirithi nyumba au ukinunua mashine iliyotumika na ikawa inaungua kapasita kila mara, tazama namba hiyo.

Hatua ya nne: fundi ataje jina la kilichokufa

"Mashine imechoka" si jina la ugonjwa. Fundi mzuri anataja kifaa, anakionesha, na anasema amekipima kwa kifaa gani.

Vipo vitu vidogo ambavyo havimlazimu mtu kufikiria mashine mpya. Kapasita ndiyo ya kwanza. Ni kikopo kidogo kinachoisukuma kompresa ianze, na joto pamoja na umeme unaoyumba hukichosha. Dalili yake ni mvumo wa mashine ya nje bila kuanza, au feni ya nje inayozunguka tu ukiisaidia. (Usiisaidie kwa kidole. Na usiguse kapasita hata breka ikiwa imezimwa, kwani huweka umeme ndani yake.) Kinachopima joto chumbani, mota ya feni, beringi, swichi ya kuwashia kompresa, haya yote ni matengenezo. Sisimizi na mijusi nao huingia kwenye sanduku la umeme la nje, wakakwama kati ya vituo vya swichi na kuikata. Kufuta na kuziba matundu kunatosha.

Bodi iko katikati. Kwa mashine ya kawaida, bodi mbadala inayofaa mashine nyingi ipo na bei yake inavumilika. Kwa mashine ya inveta (ile inayobadili kasi ya kompresa badala ya kuiwasha na kuizima), bodi ya nje ni sehemu ghali na lazima iwe ya mashine hiyo hiyo, kwa hiyo muulize fundi anaipata wapi na kwa siku ngapi kabla hajafungua chochote. Bodi ya kusubiri miezi miwili ndani ya kaskazi ni sawa na kutokuwa na kiyoyozi.

Vizito ni viwili: kompresa na koili. Kompresa ikiungua ndani, huacha asidi na masizi kwenye mirija yote. Ukiweka kompresa mpya bila kusafisha mirija na kubadilisha kichujio cha gesi, ile mpya itakufa mapema. Kwa mashine ya chumba cha kulala iliyokwisha dhamana, kompresa ikifa mimi husema nunua nyengine, na sijaona sababu ya kubadili neno hilo. Kabla ya kukubali hukumu hiyo, lakini, ona kapasita mpya ikijaribiwa mbele yako, na ona fundi akipima nyaya tatu za kompresa kwa mita yake.

Hatua ya tano: gesi haiishi, inavuja

Hapa ndipo fedha nyingi zaidi inapozama, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama petroli. Inazunguka ndani ya mirija iliyofungwa, ile ile, maisha yote ya mashine. Ikipungua, ipo njia ilikotokea. Anayejaza gesi bila kutafuta tundu anakuuzia kitu kitakachotoka tena kabla ya Ramadhani ijayo, na kila kikitoka kompresa inafanya kazi ikiwa na gesi pungufu, inapata moto, na inajiua taratibu.

Utafutaji huanza kwenye nati za shaba zinazounga mirija na mashine, ndani na nje. Povu la sabuni linatosha: ukiona mapovu yanavimba, umelipata. Alama nyengine ni doa la mafuta lililoshika vumbi. Tundu likiwa kwenye nati, furahi. Kukata ncha ya mrija, kuipanua upya na kukaza ni kazi ndogo, na mara nyingi kosa lilikuwa la aliyefunga mashine siku ya kwanza. Likiwa kwenye mrija unaopita ukutani, nalo hutengenezeka. Likiwa ndani ya koili iliyoliwa na chumvi, hapo ukiziba moja utafungua mengine, na uamuzi umeshajifanya wenyewe.

Baada ya kuziba, mambo matatu lazima uyaone kwa macho. Kwanza, kupimwa kwa naitrojeni ili kuthibitisha hakuna panapovuja. Usiruhusu kabisa oksijeni ya mitungi ya kuchomelea itumike badala yake: oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka, na inaua. Pili, pampu ya kunyonya hewa na unyevu, ifanye kazi angalau nusu saa. Kumwaga gesi kidogo "ili isukume hewa itoke" si badala ya pampu. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na unyevu uliobaki ndani ya mirija hugeuka asidi. Tatu, mizani. Uzito ulioandikwa kwenye kibandiko ndio uzito wa kuingiza. Anayejaza kwa kushika bomba na kusema "tayari imekuwa baridi" anakisia. R-410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, huingizwa ikiwa majimaji, mtungi ukiwa kichwa chini, na ilipovuja nyingi ni salama zaidi kutoa iliyobaki na kuanza upya kwa uzito kamili.

Bandika karatasi ndani ya kabati: tarehe, gramu zilizoingia, tundu lilipokuwa. Mashine ikihitaji gesi mara ya pili wakati tundu la kwanza limezibwa vizuri, karatasi hiyo itakupa ushahidi.

Hatua ya sita: uliza bahari

Mashine mbili za aina moja, zilizonunuliwa Darajani siku moja, moja ikaenda Fuoni na nyengine Jambiani, hazitaishi sawa. Paje, Bwejuu, Jambiani na Makunduchi zinapokea kusi moja kwa moja kutoka baharini. Nungwi, Matemwe na Kiwengwa zinapigwa na kaskazi. Upepo huo unabeba chumvi, chumvi inavuta unyevu, na panapokutana shaba na aluminiamu penye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa kwanza. Vile vibati vinageuka unga mweupe. Vikishaachana na mirija ya shaba, joto halitoki tena, kompresa inasukuma bila kupumzika, na bili inapanda kabla hata hujahisi chumba kimepungua baridi.

Jaribio lake ni jepesi. Zima breka, kisha papasa vibati vya nyuma ya mashine ya nje kwa kidole, taratibu, kwani vina makali. Vikiwa vigumu na vimeshikana na mirija, mashine ina maisha. Vikivunjika na kubaki unga mkononi kwenye sehemu ndogo ya pembeni, osha, endelea, lakini anza kuweka akiba. Vikiwa unga kwa theluthi au zaidi, usiweke shilingi yoyote kubwa humo: wala gesi, wala bodi, wala mota.

Tazama pia mabano ya chuma yanayoishika mashine ukutani. Mashine ya nje ya BTU 12,000 ina uzito wa mtu mdogo, na chini yake wanapita watoto wanaotoka skuli. Mabano yaliyooza yabadilishwe leo, hata kama mashine yenyewe unapanga kuiondoa mwezi ujao.

Ndani ya nchi, mbali na mawimbi, mashine iliyotunzwa hufika miaka kumi na zaidi bila ajabu. Ufukweni kabisa, ikifika mitano au sita imekutendea wema. Kusuuza mashine ya nje kwa maji baridi yasiyo ya chumvi kila mwezi, na kuifunga upande wa nyumba usioelekea upepo mkuu, huongeza umri huo kuliko dawa yoyote inayouzwa. Maji ya baadhi ya visima vya pwani yana chumvi, kwa hiyo yaonje kabla hujayatumia kuoshea.

Hatua ya saba: hesabu ya uniti

Wauzaji hupenda kusema mashine mpya ya inveta "inajilipa yenyewe kwa umeme". Kwa baadhi ya nyumba ni kweli, kwa nyingi si kweli, na unaweza kujihakikishia.

Usiku mmoja zima vyote isipokuwa kiyoyozi. Soma uniti zilizobaki kwenye mita ya TUKUZA (ile ya kulipia umeme kabla), kiache kipoze chumba kama kawaida kwa saa mbili, soma tena. Hayo ndiyo matumizi yako halisi.

Tuseme mashine yako ya zamani ya BTU 12,000 inakula uniti 6.4 kwa usiku wa saa nane, na ya inveta ingekula 4. Tofauti ni uniti 2.4 kwa usiku, 72 kwa mwezi. Kwa bei ya mfano ya shilingi 300 kwa uniti (weka unayolipa wewe), ni shilingi 21,600 kwa mwezi. Kama unawasha miezi sita ya joto tu, ni 129,600 kwa mwaka. Mashine mpya ikigharimu, kwa mfano, milioni moja na laki mbili, itachukua miaka tisa kurudisha fedha hiyo kwa umeme peke yake. Kwa chumba cha kulala cha familia, basi, umeme hautoshi kuwa sababu ya kuitupa mashine inayofanya kazi.

Sasa chukua chumba cha wageni kinachowashwa saa 16 kwa siku, mwaka mzima. Tofauti inakuwa uniti 1,728 kwa mwaka, shilingi 518,400, na mashine imejilipa ndani ya miaka miwili na nusu. Mwenye nyumba ya wageni anayeendelea kutengeneza mashine ya zamani anadhani anaokoa, na kila mwezi akiba hiyo inaishia kwenye umeme.

Hatua ya nane: amua

Kipimo cha mafundi wengi ni nusu ya bei: tengenezo likifika nusu ya bei ya mashine mpya ikiwa imefungwa, nunua. Kinafaa kama kianzio. Mimi nakishusha hadi theluthi kwa nyumba ya ufukweni, na kwa mashine yoyote ya R-22 ambayo ubovu wake uko kwenye mfumo wa gesi. Tengenezo dogo la umeme kwenye R-22, kama kapasita, lifanye tu bila kusita.

Hesabu pia matengenezo ya miaka miwili iliyopita, si la leo peke yake. Kapasita, gesi, bodi, gesi tena: kila moja ilionekana ndogo siku yake.

Na kama ndani mwalala mgonjwa, mzee au mzazi aliyetoka kujifungua, siku za kusubiri kipuri nazo ni gharama. Katika hali hiyo mashine ndogo mpya leo inaweza kuwa uamuzi wa busara hata kama tengenezo ni rahisi kwenye karatasi.

Ukishaamua kununua

Ukubwa kwanza. Kwa hali yetu, BTU 600 hivi kwa kila mita ya mraba ni kianzio: chumba cha mita 3.5 kwa 4 kinatosheka na 9,000. Kikiwa juu kabisa chini ya bati au zege linalopigwa na jua, panda hadi 12,000. Usinunue kubwa kupita kiasi ukidhani ni akiba. Mashine kubwa hupoza haraka ikakata kabla haijakausha unyevu, na utalala kwenye baridi ya majimaji, na ukungu utaota nyuma ya kabati.

Uliza kama koili ya nje imepakwa kinga ya chumvi, ya buluu au ya dhahabu. Uliza dhamana inasimamiwa na nani hapa visiwani, maana dhamana inayokutaka uvuke bahari na mashine mgongoni haikusaidii. Anayeishi Wete au Mkoani aulize swali hilo mara mbili. Kwa inveta, kifaa cha kulinda umeme si cha hiari. Kwa R-32, fahamu kwamba inaweza kushika moto, kwa hiyo hakuna kuchomelea bomba lenye gesi wala kuvuta sigara karibu na kazi.

Wa Mji Mkongwe wana la ziada. Mji ule ni urithi wa dunia tangu 2000, na mashine ya nje kwenye uso wa nyumba inahitaji ruhusa ya mamlaka ya mji kabla ya kutoboa. Maji yanayotoka kwenye kiyoyozi, karibu ndoo nzima kwa usiku wa unyevu, yaelekezwe kwenye mfereji. Yakimiminika kwenye ukuta wa mawe na chokaa yataloweka lipu na kuozesha vichwa vya boriti, na tengenezo la boriti linazidi bei ya viyoyozi vitatu.

Hita ya maji

Kanuni yake ni fupi. Tangi likivuja lenyewe, kwenye mwili wake, nunua jipya. Mengine yote hutengenezwa. Maji yetu ya chini ya ardhi yamepita kwenye mawe ya matumbawe na yana chokaa nyingi, inayoganda kwenye elementi mpaka ikachelewa kupasha na mwishowe ikaungua. Elementi, thamostati na ile fimbo ya magnesiamu inayolinda tangi dhidi ya kutu hubadilishwa kwa bei ndogo. Fimbo hiyo ikaguliwe kila mwaka, na karibu hakuna anayeikumbuka. Ukihisi mshtuko wowote wa umeme kwenye bomba, zima breka saa hiyo hiyo, mtu asioge mpaka waya wa ardhini ukaguliwe.

Mashine kuukuu

Kabla ya kuiondoa, fundi airudishe gesi yote ndani ya mashine ya nje: anafunga vali ya mrija mwembamba kompresa ikiwa inazunguka, kisha ule mnene, kisha anazima. Ikiwa kompresa imekufa, gesi itolewe kwa mashine ya kunyonyea na iwekwe kwenye mtungi. Kilo moja ya R-410A ikiachiwa hewani ina nguvu ya kuongeza joto sawa na zaidi ya kilo 2,000 za hewa ukaa. Mnunuzi wa chuma chakavu asikate mrija mbele ya nyumba yako kabla ya hapo. Bodi, rimoti na mota zikiwa nzima, zivue umpe fundi wako azihifadhi, kwani vipuri vya mashine za miaka ya nyuma ni vigumu kupatikana visiwani, na huenda wiki hiyo hiyo yupo mtu mtaa wa pili anayeitafuta bodi kama yako.